Mfupa wa Kiingereza

Upepo ulivuma usiku kucha, na mwalimu Proskovia aligeuka huku na kule mpaka kamba za kitanda zikaanza kulalamika. Asubuhi alipofungua mlango, ziwa halikuwepo. Pale jana palipokuwa na maji, mbele kabisa ya shule, palikuwa na kijani kitupu kilichojaa maua ya zambarau, kizuri cha kumsahaulisha mtu shida zake. Magugu maji. Upepo ulikuwa umeyasukuma kutoka upande wa Busisi ukayashindilia kwenye kighuba cha shule, yakashikamana na majani ya ufukweni hata usingeweza kusema nchi kavu inaishia wapi.

Aliyatazama kidogo, akaguna, akaenda kupiga pasi. Siku hiyo hakuwa na nafasi ya kutazama maua. Ilikuwa siku ya wazazi.

Tuseme ukweli, ilikuwa siku yake yeye. Shule ilikuwa ya mzee Luhende, aliyekuwa karani mkubwa wa ushirika wa pamba mpaka walipompunguza kazi. Wenzake waliopunguzwa naye walifungua vibanda vya mitumba Mkuyuni, wengine wakanunua ng'ombe, mmoja akanywa yote. Luhende aliomba ghala la pamba lililokuwa limeachwa kwa popo huku Kigongo, akatoboa madirisha, akapaka chokaa, akaandika ukutani kwa herufi kubwa kwamba humo mtoto hufundishwa kwa Kiingereza tangu siku ya kwanza. Ilikuwa miaka ya soko huria. Kila kitu kilikuwa kinauzwa, kwa nini Kiingereza kisiuzwe? Tatizo lilikuwa moja tu, kwamba Kiingereza cha Luhende mwenyewe kilitosha kupima marobota ya pamba na basi. Ndipo akavuka mpaka, akamleta Proskovia kutoka Masaka, Uganda.

Sasa kibali cha Proskovia cha kufanya kazi kilikuwa kinakwisha. Luhende alikuwa amemwambia bila kuzunguka: wazazi watakuja, watasikia watoto wao wakisema. Wakifurahi, nitakwenda Mwanza kukuombea kibali kingine. Wasipofurahi, yuko mwalimu wa Kisumu ameshakuja kuulizia mara mbili. Kule Masaka Proskovia alikuwa amemwacha mwanawe, Ronaldi, kwa mama yake mzazi, na wote wawili walikula kwa kazi hii. Mtu mwenye mzigo huo halali, hata pasiwe na upepo.

Kufika saa ya uji alikuwa ameshafagia darasa, amelifagia tena, amewapanga watoto kwa kimo, amewapangua, amewapanga kwa sauti. Alikwenda jikoni, akafunua sufuria ya pilau, akafunika, akarudi kufunua ileile.

"Mwalimu wangu, kaa chini unywe hata chai," alisema Teodora, mpishi wa shule. "Unanizungusha macho."

"Wazazi watapenda?"

"Pilau watapenda. Hayo mengine mimi sijui, nimeishia la nne."

Proskovia alicheka kwa mdomo tu, akaondoka. Kilichokuwa kinamchoma hakikuwa pilau. Kilikuwa mfupa.

Huo mfupa lazima niueleze vizuri, maana bila huo hakuna kisa. Ulikuwa mfupa wa mguu wa ng'ombe, mkavu, umetobolewa na kupitishwa kamba ya katani. Mtoto akisikika anasema Kiswahili, Kisukuma au lugha yoyote isiyo Kiingereza ndani ya uzio wa shule, anavishwa shingoni. Mwalimu hauvui, na ingawa jioni unaachwa darasani, asubuhi unauvaa tena. Njia ya kuutoa ni moja: umkamate mwenzako anateleza kama ulivyoteleza wewe, umwambie kwa Kiingereza, "Umesema, nimekusikia," kisha umvishe yeye. Proskovia hakuubuni. Alivishwa mwenyewe alipokuwa mdogo kule Masaka, akalia, akawakamata wenzake, akajua Kiingereza, akawa mwalimu. Kwa hiyo aliuamini kama watu wanavyoiamini kwinini.

Wazazi walipouona mara ya kwanza walishtuka. Usukumani humtundikii mtoto wa watu mfupa shingoni hivi hivi, halafu usiulizwe umetoka kwa mganga yupi. Wakamwendea Luhende. Luhende, mtu wa maneno, akawaambia hiyo ni dawa ya Kiingereza, na imetoka Uganda ambako Kiingereza wanakijua. Wakaridhika. Wengine wakaanza hata kuuliza kama mtoto wao hawezi kuvishwa mapema, ili kikolee upesi.

Wiki hiyo mfupa ulikuwa kwa Modesta wa darasa la pili, binti wa Maige mwenye mashine ya kusaga pale karibu na kivuko. Alivishwa Jumatatu, akakaa nao. Si kwamba wenzake hawakuteleza. Waliteleza kila wakati, nyuma ya choo, kwenye foleni ya uji, na Modesta alisikia akanyamaza. Alikuwa mtoto wa kutazama watu usoni na kufunga mdomo, na tangu avishwe hakusema lugha yoyote. Jambo hilo lilimkera Proskovia kuliko utundu. Mtoto mtundu unamjua yuko wapi.

"Hujamsikia mtu hata mmoja?" alimwuliza asubuhi hiyo, kwa Kiingereza.

Modesta aliangalia viatu vyake.

"Wazazi wanakuja leo. Unataka baba yako akuone hivyo?"

Modesta aliendelea kuangalia viatu. Proskovia alitamani kumtikisa. Alitamani pia kuuvua ule mfupa autupe nyuma ya jiko mpaka kesho. Lakini angeuvua mbele ya watoto wote, sheria ingekwisha siku hiyohiyo, na pasipo sheria Kiingereza cha shule nzima kingerudi kuwa cha kuimba siku za wiki.

Wazazi walianza kufika jua likipanda. Walikuja kwa baiskeli, kwa miguu, wengine kwa kivuko, wamevaa nguo za kanisani. Proskovia alipiga magoti kuwasalimu mmojammoja kama alivyofunzwa kwao, na akina mama wa Kisukuma, ambao nao hupiga magoti, walimpenda kwa hilo hata kabla hajafungua kinywa. Maige alifika na mkewe Tereza, aliyembeba mtoto wao wa mwisho, Malimi, mwenye umri ule wa kujua kukimbia bila kujua kusimama.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwalimu. Habari za huku?" Maige hakungoja jibu. Macho yake yalikuwa yameshauona. "Huo mfupa mbona uko kwa wa kwangu?"

"Hajamkamata mtu, mzee."

Maige alitazama nyuma, akaona wazazi wenzake wanasikiliza. Akapandisha sauti. "Basi abaki nao! Asipendelewe. Mimi nimemleta ajue Kiingereza, sikumleta ahurumiwe."

Tereza alimshusha Malimi chini, akamsukuma kidogo kuelekea kwa watoto wengine wadogo waliokuwa wanachezea mchanga upande wa jikoni. Luhende alikuwa ametangaza kwamba wadogo wote wabaki nje. Hakutaka kilio kiingie katikati ya Kiingereza.

Ndani ya ghala palikuwa na joto, na upepo ulikuwa unapiga mabati hata ikabidi watu wapaze sauti. Luhende alisimama mbele, koti limembana, akatoa hotuba ya karibuni. Proskovia alisimama pembeni ya ubao. Mikono yake haikujua pa kukaa. Aliiweka nyuma, akaikunja mbele, akashika chaki, akaiacha, akaishika tena. Watoto walianza. Walitaja siku za wiki, wakataja miezi, wakahesabu kwenda mbele na kurudi nyuma. Kijana wa Ngosha muuza samaki aliuliza bei ya samaki na mwenzake akamjibu, yote kwa Kiingereza, na Ngosha mwenyewe akajipiga paja kwa furaha. Mambo yalikuwa yanakwenda. Proskovia alianza kupumua.

Ndipo Modesta aliponyoosha mkono.

Zamu yake haikuwa imefika. Alikaa mwisho wa benchi, kando ya dirisha la upande wa ziwa, na mkono wake ulikuwa juu kabisa. Proskovia alijifanya hakuuona. Mtoto mwingine alisema shairi fupi. Mkono ulikuwa bado uko juu. Wazazi wakaanza kugeuka kuutazama.

"Ndiyo, Modesta," alisema Proskovia, na akatabasamu tabasamu la wageni.

Modesta alisimama. Mfupa uligonga kifungo cha sare yake. Kwa Kiingereza safi, kila neno mahali pake, akasema: "Tafadhali mwalimu, naomba ruhusa nitoke nje."

Ghala likalipuka kwa makofi. Hata wasiojua neno moja walijua kwamba hiyo sentensi imenyooka. Maige alisimama nusu, akakaa, akamtazama jirani yake kumwonyesha kwamba ni huyohuyo mwenye mfupa. Luhende aliinua mikono yote miwili kama aliyefunga goli.

Nawe ungekuwa Proskovia ungefanyaje? Mbele ya wazazi, katikati ya shughuli, mtoto anataka kwenda chooni. Sentensi hiyo ndiyo ya kwanza anayowafundisha watoto wote, na wote huitumia kukwepa hesabu.

"Hapana, mpenzi," alisema kwa upole. "Subiri kidogo. Keti."

Modesta hakuketi. Alinyoosha kidole dirishani. Proskovia alisogea, akachungulia haraka haraka. Aliona kijani na maua ya zambarau yanayumba, na katikati yake mtoto mdogo mwenye shati jeupe amechuchumaa anachuma ua. Akawaza kwamba ni picha ya kitabuni kabisa. Alikuwa ameyaona magugu yale asubuhi kwa macho yake mwenyewe, akayajua, akayataja kwa jina. Lakini asubuhi ni asubuhi, na sasa kichwani mwake palikuwa na Luhende, kibali na mwalimu wa Kisumu, na hapakubaki mahali pa kukaa jambo lingine.

"Kwa Kiingereza, Modesta," alisema. "Sema kwa Kiingereza."

Mtoto akafungua mdomo. Ukabaki wazi. Alikuwa na Kiingereza cha meza, cha kikombe, cha paka na cha ng'ombe. Cha ndugu yake aliyesimama juu ya maji akidhani ni majani, hakuna aliyekuwa amemfundisha. Akageuka kumtazama baba yake, na baba yake, aliyekuwa bado amejaa fahari, akamwashiria kwa kidevu: sema.

Modesta akapiga mwano.

Asiyekulia Usukumani labda hajui mwano ni nini. Ni ukelele wa hatari, unaotoka tumboni, na ukishapigwa hakuna anayeuliza kuna nini. Unatoka. Ukiwa unakula unaacha, ukiwa unaoga unatoka hivyohivyo, na mtu mzima aliyeusikia akakaa atakuja kuulizwa na kijiji kizima. Haujali umepigwa na nani. Ulipotoka kwenye kile kifua kidogo, wazazi wote waliinuka mara moja, mabenchi yakaanguka, koti la Luhende likachanika mlangoni. Modesta mwenyewe alikuwa ameshapita dirishani.

Proskovia alikimbia bila viatu. Kwao nako kuna ukelele wa namna hiyo, na miguu yake ilijua kazi yake kabla ya akili. Alipofika ukingoni, shati jeupe halikuwepo tena. Palikuwa na tundu jeusi katikati ya kijani, na kando ya tundu Modesta amelala kifudifudi juu ya magugu, mikono yote miwili imezama mpaka mabegani.

Maige aliruka. Magugu yakafunguka chini yake, akazama mpaka kifuani, mizizi ikamfunga miguu, na wanaume watatu wakamvuta nyuma huku anapigana nao. Mwingine akajaribu upande wa pili, hivyohivyo. Wazito wote hawakuwa na la kufanya. Walikuwa watu waliouona mwaka uliopita, meli ilipozama, na wengi wao walikuwa wamesimama ufukweni siku zile wakingoja maiti ziletwe. Tereza alikaa chini kwenye matope, akashika kichwa.

"Ubao!" mtu alipiga kelele. "Leteni ubao!"

Waliung'oa ukutani, ubao mweusi wa Luhende, maneno ya kuwakaribisha wazazi bado yameandikwa kwa chaki ya rangi, wakaulaza juu ya magugu na kuufunga kamba ya kisimani. Mwembamba kuliko wote alikuwa mwalimu. Hakuna aliyemwomba. Alilala juu yake kwa tumbo na gauni lake la pasi, wakamsukuma.

Akawa anapiga kelele njia nzima. Hakujua anasema nini mpaka alipokaribia akajisikia: "Tomuta! Tomuta, mwana wange!" Usimwachie, mwanangu. Kiganda, lugha ya mama yake, lugha ambayo hakuwa ameitamka kwa sauti tangu avuke mpaka. Modesta aligeuza uso. Hakuijua ile lugha, lakini alikaza. Proskovia akapenyeza mkono ndani ya maji meusi kufuata mikono ya mtoto, akapata shati, akapata nywele, akavuta. Malimi akatoka na mizizi shingoni, macho yamefumba, na ngumi yake imekamata ua.

Waliwavuta wote watatu nchi kavu. Ngosha alimshika mtoto miguu, akamning'iniza, akampiga mgongoni. Maji yakatoka. Kisha hakukutokea kitu, na wakati huo Proskovia alimwona Ronaldi wake pale, uso uleule, mdomo uleule wa bluu. Ngosha akampiga tena. Malimi akakohoa, akatapika, akalia.

Mimi sijui kilio kizuri kuliko kile. Tereza alimnyakua, akawa anamchapa na kumbusu kwa zamu. Maige alisimama katikati ya watu na suruali yake ya kanisani imejaa matope, akilia waziwazi, akimshika mkono kila aliyepita mbele yake, hata aliokwisha kuwashika.

Luhende ndiye aliyezinduka wa kwanza. "Wazazi wangu," alisema, akikusanya vipande vya koti, "Mungu ni mwema. Sasa turudi ndani tumalizie, pilau lisipoe."

Proskovia hakumsikiliza. Alimwona Modesta amesimama peke yake, anatiririka maji, mfupa umelowa na kamba imemwachia alama nyekundu shingoni. Alimwendea, akapiga magoti mbele yake, akanyoosha mikono kuuvua. "Basi," alisema kwa Kiingereza. "Basi, imekwisha."

Modesta alirudi nyuma hatua moja. Akamtazama mwalimu wake usoni, kwa ile namna yake ya kutazama, kisha akasema polepole, kwa Kiingereza, "Umesema, mwalimu. Nimekusikia."

"Amesema nini?" wazazi waliuliza.

"Anamshukuru mwalimu wake!" alijibu Luhende upesi.

Wakapiga makofi. Modesta, makofi yanaendelea, akauvua mfupa kwa mikono miwili na kumnyooshea Proskovia. Makofi yakaanza kupungua. Sheria hiyo kila mzazi aliijua, watoto walikuwa wameisimulia nyumbani mpaka ikachosha. Mikono ya Maige ndiyo iliyokuwa ya mwisho kunyamaza, na uso wake ulikuwa wa mtu anayekumbuka jambo alilolisema asubuhi kwa sauti kubwa.

Hapakuwa na ujeuri katika uso wa yule mtoto. Wiki nzima alikuwa amewasikia wenzake na kuwaacha, kwa sababu hakutaka kumvisha mtu ambaye ataumia. Sasa amempata mkubwa wa kutosha kuubeba.

Proskovia aliinamisha shingo. Modesta alimvisha, akakaza fundo, akalijaribu kama limekaa, akakaza tena. Mfupa ulikuwa wa baridi, mzito kuliko alivyoukumbuka.

Luhende alimvuta pembeni, akisaga meno huku akiwatabasamia wageni. "Vua, mwalimu. Utani umetosha. Kesho kutwa nakwenda Mwanza kwa ajili yako, lakini nitamwombeaje kibali mwalimu wa Kiingereza mwenye mfupa shingoni? Vua kabla hawajakaa. Au nimwite wa Kisumu?"

Proskovia alimtazama. Kisha akamjibu, kwa sauti ya kawaida, kila mtu alisikia, na akamjibu kwa Kiganda. Alimwambia kwamba ana mtoto Masaka, jina lake Ronaldi, naye anapenda maua. Alimwambia mtoto huyo hajui neno lolote la Kiingereza, na kwamba leo amemshukuru Mungu kwa hilo.

Luhende hakuelewa kitu. Modesta naye hakuelewa, lakini alikuwa amesimama karibu na alisikia vizuri kwamba si Kiingereza. Alimtazama mwalimu wake, akatikisa kichwa kwa huruma, akaenda kumshika Malimi mkono.